Mhawilishaji ni Nani?

Mwaka jana alinijia ofisini mwalimu mmoja wa shule ya upili, mwanafunzi wangu wa zamani, akiwa na mkataba wa kitabu chake cha hadithi. Saini alikuwa amekwisha kuitia.

"Mwalimu," akaniuliza, "huyu 'assignor' anayetajwa humu ni nani?"

"Ni wewe," nikamjibu.

Alidhani amempa mchapishaji ruhusa ya kuchapisha tu. Kumbe ameitoa haki yenyewe, na hadithi alizozitunga kwa jasho lake hawezi tena kuzitumia kwingine bila idhini.

Huo haukuwa ujinga, kwani Kiingereza anakijua barabara. Lakini katika Kiingereza cha mawakili, mtoaji wa haki na mpokeaji wake, 'assignor' na 'assignee', hutenganishwa na silabi ya mwisho tu.

Je, Kiswahili chetu kina nini? Wapo wasemao 'mkabidhi'. Ni neno zuri, ila laweza kupotosha: amana pia hukabidhiwa, na amana hurudi kwa mwenyewe. Mimi napendelea 'hawilisha', kitenzi chenye nasaba moja na 'hawala'. Atoaye haki ni mhawilishaji. Aipokeaye ni mhawilishiwa. Tazama, msomaji, kazi ya kiambishi -i- cha kauli ya kutendea. Kiondoe, upate 'mhawilishwa', na mtu mwenyewe atageuka kuwa ndicho kitu kinachohamishwa!

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inadai uhawilishaji uwe kwa maandishi, yenye saini ya mhawilishaji au ya anayemwakilisha. Hiyo ni kinga njema, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, daftari lisiloeleweka nalo hupoteza mali. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini mkataba ule, wa kitabu cha Kiswahili, haukuwa na neno hata moja la Kiswahili.

Walimu wenzangu, tunapofunza kauli za vitenzi tusiishie kwenye 'piga, pigia, pigiwa'. Tuwape wanafunzi mkataba, tuwaulize: nani anatoa, nani anapokea, na ni nini kinachoondoka? Wasijifunze jibu, kama mwenzetu yule, baada ya wino kukauka.