Kopi ya madaftari ya koperative: tuipime siku ya kurudisha

Mu koperative nyingi za kandokando ya Lubumbashi daftari la mbolea halikai tena mu kitabu. Iko mu ordinatere: nani alitwaa mifuko ngapi ya NPK na ya urea mwezi wa 11, nani alilipa kwa mahindi, nani angali na deni. Siku ordinatere inakufa, deni zote zinabaki maneno ya kinywa, na tunajua mabishano ya feza yanaweza kufanya nini kati ya majirani. Tena, sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na inayofuatwa mu Kongo tangu 2012, inataka ofisi itunze kitabu cha wanachama.

Na ordinatere haikosi njia za kufa. Kuranti ya SNEL inaenda, inarudi kwa nguvu, disiki inaungua. Mwizi anapita kwa dirisha. Kisha kuna virusi: mwezi wa 5 mwaka 2017, ile inayoitwa WannaCry ilifunga mashini mu inchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila moja.

Basi tunatafuta programu ya kufanya kopi. Anayetuuzia anatuonyesha namna inavyokopia haraka. Naona hapo tunaangalia upande usiofaa, juu kazi ngumu iko mu kurudisha. Kampuni GitLab, inayotunza kazi za waandika-programu wa dunia nzima, iliona hayo tarehe 31 Januari 2017. Mfanyakazi mmoja alifuta data za serveri kwa bahati mbaya. Walipoenda kutafuta kopi, kati ya njia 5 walizokuwa nazo hakuna hata moja iliyofanya kazi sawasawa. Waliponea paka kwa kopi ambayo mtu alikuwa ameifanya kwa mkono masaa 6 mbele. Kazi ya masaa yale ilipotea.

Mbegu hatuzipimi kwa uzuri wa mfuko. Tunahesabu punje 100, tunazitia mu mchanga wenye maji, na kiisha siku 7 tunahesabu zilizoota. Programu nayo tuifanyie vile. Twaa kopi yake, irudishe mu ordinatere ingine, hapana ile ile. Angalia imechukua masaa ngapi. Fungua tabela ya deni, linganisha jumla yake na karatasi. Kama kijana wa informatiki peke yake njo anaweza kuifanya, programu hiyo ni ngumu mno kwenu.

Kwa ordinatere moja ya Windows, anzeni na kile kiko tayari ndani, Historique des fichiers. Inapeleka mafaili ku disiki ya nje na kutunza hali zake za zamani: mtu akiharibu tabela leo, unapata ya juzi. Lakini haitunzi Windows yenyewe wala programu ya hesabu. Veeam Agent, yenye aina ya bure, inakopia disiki nzima. Ningeiweka ku serveri ya muungano wa koperative. Duplicati ni ya bure pia, inafunga kopi kwa neno la siri na kuituma mbali, ila ku mashini mpya inaweza kukawia sana mbele ya kurudisha. FreeFileSync wengi wanaipenda. Muwe na angalisho: ukiipanga ifananishe pande mbili, kile umefuta huku inakifuta na kule.

Bure nayo ina mwisho. Macrium Reflect ya bure ilisifiwa miaka mingi, kisha kampuni ikaacha kuitunza mwanzo wa 2024.

Kutuma kwa intaneti? Gigabaiti 40, kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, ni karibu masaa 44 bila kukatika, na mega zinalipwa. Mara ya kwanza tumieni disiki. Kisha mtume yaliyobadilika tu.

Disiki ziwe mbili. Moja ikae nyumbani kwa mwanachama mbali na ofisi. Watu wa Goma hawahitaji kufasiriwa jambo hili: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na disiki iliyokuwa kando ya ordinatere yake iliungua pamoja nayo. Disiki ya pili ichomolewe kila mara kopi imekwisha, juu virusi inafunga kila kilichochomekwa.

Neno la siri la kopi liandikwe ku karatasi, ndani ya bahasha mbili zilizofungwa: moja kwa prezida, moja kwa mtunza-feza. Likipotea, Duplicati haitafungua kopi, hata kwa fundi. Jaribio la kurudisha lifanyike mwezi wa 9, mbele ya kugawa mbolea, na wanachama wawili wasio wa kamati wakiangalia.