Matela ya Rekodi: Wahunzi Waliobeba Mizigo ya Dunia

Simama Chalinze mchana, utazame barabara. Watu huangalia kichwa: hii Scania, ile Howo, hiyo Actros. Tela linapita nyuma na tairi zake zote bila mtu kuliuliza jina, ilhali mzigo wote umelala juu yake. Haki itendeke leo: orodha hii ni ya matela na walioyaunda. Na tazama jambo moja la ajabu: mabingwa wengi waliomo humu walianzia kwenye kibanda cha mhunzi, penye mivukuto, nyundo na fuawe.

1. Mkongwe kuliko wote: 1705

Taji hili ni la Goldhofer ya Memmingen, kusini mwa Ujerumani. Asili yake ni karakana ya mhunzi katika kijiji cha Amendingen, mwaka 1705. Upime umri huo kwa kalenda ya pwani: Waomani walikuwa wametimiza miaka 7 tu tangu wawafurushe Wareno kutoka Ngome ya Yesu, Mombasa. Motokaa ya Benz ilikuwa bado miaka 181 mbele! Leo kampuni hiyohiyo inaunda matela ya kubebea transfoma na mapanga ya mitambo ya upepo, pamoja na magari ya kusukumia ndege viwanjani.

Wanaomfuata nao si watoto. Scheuerle ya Pfedelbach ilianza 1869, mwaka uliofunguliwa Mfereji wa Suez. Schmitz ya Altenberge, ambayo leo kama Schmitz Cargobull ni kinara wa matela Ulaya, ilianza 1892, miaka 4 kabla reli haijaanza kutandikwa kutoka Mombasa kwenda Uganda. Krone ya Spelle, 1906. Wahunzi, wote!

2. Mwanzo mdogo kuliko wote: boti moja

Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao wa Detroit, Frederick Sibley, alitaka kupeleka boti yake ziwani. Alikuwa na Ford Model T, gari la nguvu farasi 20, ambazo hazifikii bodaboda mbili za sisi 150 zikiunganishwa. Akamwendea August Fruehauf, mhunzi na muunda mikokoteni. Fruehauf akaunda kigari cha magurudumu mawili, akakiunga nyuma ya Ford, na boti ikafika. Sibley akarudi kuagiza vingine vya kubebea mbao.

Alexander Winton wa Cleveland alikwisha kutangulia mwishoni mwa karne ya 19 kwa tela la kupelekea wateja motokaa zake, lakini Fruehauf ndiye aliyeligeuza semi-trela kuwa biashara ya bara zima. Kampuni ilisajiliwa 1918, ikakua hadi ikawa kubwa kuliko zote duniani kwa kuunda matela. Ikafilisika 1996, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Wabash, kampuni iliyozaliwa 1985 tu. Bingwa wa leo kwa idadi ni CIMC Vehicles ya China, ambayo kampuni mama yake ndiyo inayoongoza dunia kwa kuunda makontena.

3. Kichwa kizito kuliko vyote: kipo Afrika

Hapa tupige kifua. Mwaka 2005 Guinness World Records waliitambua Tractomas TR 10x10 D100, iliyoundwa na Nicolas wa Ufaransa kwa kazi ya kubeba transfoma za shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom. Ekseli tano, na zote zinasukuma. Uzito ni tani 71, bila tela! Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa lori, tela na mzigo vikiwa pamoja. Yaani kichwa hiki kikiingia mizani ya Vigwaza au Mariakani peke yake, kimeshazidisha kwa tani 15 kabla ya kuvuta chochote.

4. Linalobeba sana, linalokwenda polepole

Sasa tukae kidogo, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Uholanzi ya Mammoet iliwaomba Scheuerle waunde tela linalojiendesha, la kwanza likakabidhiwa 1983. Halina kichwa wala kiti cha dereva. Fundi anatembea kando yake na rimoti kiunoni. Kila jozi ya magurudumu inazunguka kivyake, kwa hiyo tela linakwenda mbele, upande, mshazari kama kaa, au linajizungusha palepale lilipo. Haidroli inalisawazisha barabara ikiinama. Upana wake ni mita 2.44, makusudi kabisa: ni upana wa kontena, lipate kusafiri melini bila usumbufu.

Nguvu yake? Mstari mmoja wa ekseli, tairi nne tu, hubeba takriban tani 40. Kwenye mizani zetu ekseli ya tairi nne mwisho wake tani 10. Mara nne! Na mzigo ukizidi, unaunga vipande vingine ubavuni na nyuma, vikatii rimoti moja.

Oktoba 2012 matela ya namna hii yalibeba chombo cha anga za juu Endeavour katikati ya mitaa ya Los Angeles. Mabawa yalikuwa na upana wa mita 24, yaani mabasi mawili yamepangwa kichwa kwa mkia. Safari ilikuwa kilomita 19, zaidi kidogo ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Ilichukua siku tatu. Darajani walikihamishia kwenye tela jingine ili kupunguza uzito juu ya daraja, na pikapu ya Toyota Tundra ikakivusha.

5. Msafara mrefu kuliko yote: mita 1,474.3

Australia ni nchi ya matela marefu. Tangu 1934 lori la AEC, ekseli nne zote zikisukuma, lilivuta matela mawili jangwani, na leo sheria ya jimbo la Kaskazini inaruhusu msafara wa mita 53.5, karibu mabasi manne na nusu.

Lakini tarehe 18 Februari 2006, katika mji mdogo wa Clifton, Queensland, John Atkinson, mzee wa miaka 70, alipanda Mack Titan moja iliyofungwa matela 112. Upeleke msafara huo Dar es Salaam: ungejaza Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, mara mbili, na mkia wa mita 114 ungebaki nje. Uzito ulikuwa tani 1,300, sawa na malori 23 ya tani 56.

Ugumu wenyewe uko kwenye pini ya tela la kwanza. Tela la mwisho linavutwa na pini moja, la kabla yake linavutwa na pini inayobeba mawili, na hivyo hivyo hadi mbele, ambako kipande kimoja cha chuma kinakabili matela yote 112. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, kinakatika. Mzee Atkinson aliuondoa msafara taratibu, tela moja baada ya jingine likaamka, akauvuta mita 100, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Pini ikashika!