Kompyuta Iliyokataa Kuonyesha Picha

Wengi wenu mlisikia kicheko kilichotoka chumba cha Fizikia muhula huu, siku Chama cha Sayansi kilipowasha kompyuta yake ya kwanza. Vipande vyake tulivinunua kimoja kimoja kwa fedha za bustani ya mboga na mchango wa wazazi, tukaviunganisha wenyewe. Tulipobonyeza swichi feni zikazunguka, taa zikawaka, walakini kioo kikaandika kwamba hakikupata ishara yoyote, kisha kikawa cheusi. Wazazi wawili waliokuja kutazama walituaga kwa upole mno, na upole huo ulituuma kuliko kicheko cha wenzetu.

Mwenzetu mmoja alikata shauri kwamba prosesa, yaani ubongo wa mashini, imeungua, akataka irudishwe dukani kesho yake. Mhariri ameniomba nieleze kwa nini haikurudishwa.

Yafaa kujua kwanza kwamba kioo cheusi si lazima kiwe dalili ya kompyuta iliyokufa. Kompyuta ikiwashwa hujikagua kabla ya kuonyesha chochote: hutazama prosesa, na ramu, ambayo ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kadi ya picha. Ikikwama njiani husimama papo hapo, wala haiwezi kukuandikia habari hiyo kiooni, maana haijafika kwenye picha. Kwa sababu hiyo bodi nyingi za siku hizi zina vitaa vinne pembeni, vyenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kitaa kisichozimika ndicho kinachoonyesha mahali pa kukwama. Sisi tuliviona tukadhani ni mapambo!

Mwalimu alituamuru tuchomoe waya wa umeme ukutani, kisha tuguse chuma cha kasha kabla ya kushika kitu, kwa kuwa umeme wa msuguano ulio mwilini mwetu huweza kuharibu vipande hivi bila sisi kuhisi. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi kamwe, hata ikiwa imechomolewa, maana huweza kubaki na umeme wa hatari ndani. Tukatazama plagi mbili za bodi: ile kubwa ya pini 24, na ile ya pini 8 inayolisha prosesa. Wajenzi wageni huisahau hii ya pili. Feni huzunguka vizuri, kumbe prosesa haina umeme. Zetu zilikuwa sawa.

Kitaa kilichowaka kilikuwa DRAM. Basi tukatoa ramu zote mbili, tukarudisha moja tu, katika nafasi iliyotajwa na kijitabu cha bodi, tukaikandamiza mpaka ikalia “ta!” Mwanzoni tuliogopa kuivunja, tukaiweka kama mtu alazaye mtoto mchanga. (Mwenye ramu za aina ya DDR5 asiwe na haraka: mara ya kwanza mashini huweza kukaa gizani dakika kadhaa ikizipima. Zetu ni DDR4.)

Tukawasha. Kioo cheusi vile vile.

“Si niliwaambieni?” akasema yule mwenzetu.

Hapo ndipo wengi hupotea, wakarudisha kila kitu kilivyokuwa na kuanza kulaumu kipande kingine. Mwalimu akauliza kitaa cha DRAM kiko wapi. Kimezimika! Kumbe makosa yalikuwa mawili, nasi tulikuwa tumekwisha kuondoa moja, ila la pili lilituficha tusione.

La pili liligunduliwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyesimama nyuma akitazama tu. Aliuliza mbona waya wa kioo umechomekwa kwenye bodi, na kadi ya picha iko chini yake, haina waya. Prosesa yetu ni Ryzen 5 5600, ambayo haina sehemu ya picha ndani yake. Ndugu yake 5600G anayo. Tundu la HDMI la bodi limewekwa kwa ajili ya prosesa kama hiyo, na kwetu halikuwa na kazi yoyote. Tukahamisha waya, na mara maandishi yakatokea: prosesa imeonekana, ramu gigabaiti 8. Tulipozima na kurudisha ramu ya pili zikawa 16.

Yule aliyetaka kuirudisha prosesa dukani sasa ndiye mtunza ufunguo wa chumba. Na wale wazazi wawili wamealikwa tena, siku ya kufunga shule, saa nne asubuhi.