Wanaoisoma Bahari

Leo twapenda kunena juu ya kazi ambayo watu wa pwani huiona mara kwa mara bila kuijua. Maji yakipwa, huja mtu mwenye ndoo, kamba na daftari. Huenda hata mwambani, huweka chini fremu ya mraba, kisha huinama juu yake muda mrefu akihesabu vilivyomo ndani: majani, kombe, vipande vya matumbawe. Akimaliza huandika, akaenda zake. Watoto humcheka, kwa kuwa ameshinda juani wala hakuokota kitu cha kula. Mwezi wa pili huja tena, na fremu huiweka mahali palepale.

Mwanafunzi mmoja wa shule ya mazoezi, iliyo karibu na chuo chetu cha waalimu, alimtazama mtu wa namna hiyo siku tatu, kisha akatuuliza: "Mwalimu, na yule hulipwa?" Tulimjibu kwamba hulipwa. Akauliza tena: "Ni nani amlipaye, na kwa faida gani?" Swali hili lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani yeye, maana baba yake, mvuvi wa jarife, alikuwa amekwisha kusema kwamba kijana akimaliza darasa la saba ataingia chomboni, na maneno ya shule yamekwisha. Basi haya tusemayo leo ni jibu letu kwa mtoto, na kwa baba yake pia.

Elimu ya bahari ina matawi mawili makubwa. La kwanza huchunguza viumbe: samaki, kasa, matumbawe, mwani, hata vile vidogo visivyoonekana bila hadubini. Tawi hili huitwa biolojia ya bahari. La pili huchunguza maji yenyewe, yaani joto lake, chumvi yake, mikondo, mawimbi na kina, nalo huitwa oshenografia. Lakini matawi haya hayaachani. Mnajua kwamba kusi ikivuma kwa nguvu katika pwani ya Somalia, maji ya juu husukumwa mbali na nchi kavu, na maji ya baridi hupanda kutoka chini kushika mahali pake. Maji hayo yamechukua rutuba, na kwa rutuba hiyo vijimea vidogo mno hustawi kama majani baada ya masika; vidudu huvila vijimea, na samaki huvila vidudu. Mtu atakaye kujua samaki walikoenda hana budi kuuliza kwanza upepo umefanya nini.

Kazi hii ilipata sifa kubwa ulimwenguni kwa safari ya merikebu ya Kiingereza iliyoitwa Challenger, iliyotweka mwaka 1872 na kurudi 1876. Ilipita maili za bahari 68,890. Mabaharia wake waliteremsha kamba yenye uzito mahali pengi mno, na siku moja ya mwezi wa Machi 1875, katika Bahari ya Pasifiki, kamba ilishuka pima 4,475 kabla ya kugusa chini. Wakati huu wetu kamba hizo zimeachwa. Kina hupimwa kwa sauti, itumwayo chini na kurudi kama mwangwi. Tena kuna vyombo karibu 4,000, vyembamba kama mtungi mrefu, vinavyoelea peke yake katika bahari zote, na Bahari ya Hindi imo. Kila kimoja hukaa kwenye kina cha mita 1,000 kikichukuliwa na mkondo. Kila siku kumi hushuka hata mita 2,000, kisha hupanda polepole kikipima joto na chumvi njiani. Kikifika juu hupeleka hesabu zake kwa setilaiti, kikazama tena. Hapana nahodha ndani yake. Lakini lazima awepo mtu wa kuzisoma hesabu zile, na huyo ndiye mwana-oshenografia.

Wengi hudhani kwamba mchunguzi wa bahari hushinda akipiga mbizi kati ya samaki wa rangi. Hupiga mbizi, ni kweli, na wengine hutapika chomboni kama abiria yeyote. Lakini kwa siku moja ya bahari huwa na siku nyingi za mezani. Atakaye kujua umri wa samaki, kwa mfano, hupasua kichwa chake akatoa vijiwe viwili vilivyomo ndani ya masikio. Kijiwe hicho hukua pamoja na samaki, na huweka pete kama shina la mti. Mchunguzi hukikata, hukisugua hata kiwe chembamba kama karatasi, hukitia chini ya hadubini na kuhesabu pete. Kisha hushika cha samaki wa pili, na wa tatu, hata mia kadhaa. Ndipo aweza kusema kama samaki wa mahali fulani wanavuliwa kabla hawajazaa. Asiye na subira atakimbia kabla ya cha kumi.

Hebu sasa tueleze habari ya samaki mmoja, kwa sababu ndani yake mnaonekana kila namna ya mtu aliye na kazi katika elimu hii. Mwezi wa Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika ya Kusini, msichana aliyetunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Chini ya rundo aliona mmoja wa rangi ya samawati, mwenye mapezi mazito kama miguu. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na macho na kalamu. Alimchora, akapeleka picha kwa Bwana J. L. B. Smith, aliyefundisha kemia huko Grahamstown na kupenda mno elimu ya samaki. Smith alishangaa, maana samaki wa ukoo huo walijulikana kwa alama zao katika mawe tu, na wataalamu waliamini kwamba walitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Huyu ndiye silikanti.

Samaki wa kwanza alikwisha kuharibika matumbo, kwa hiyo Smith alimtafuta wa pili miaka 14. Alichapisha karatasi yenye picha na ahadi ya paundi 100, na kapteni mmoja wa biashara, Eric Hunt, akazieneza katika visiwa vya Komoro. Desemba 1952 mvuvi mmoja wa kisiwa cha Nzwani alimvua kwa mshipi, akampeleka sokoni kumwuza. Huko mwalimu wa shule alimtambua kwa ile picha, na samaki akavushwa milimani hata Mutsamudu, alikokuwa Kapteni Hunt. Wasomaji watatusamehe tukifurahi kidogo kwamba alikuwa mwalimu. Lakini jambo kubwa zaidi ni hili: wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyu siku zote, na jina lake kwao ni gombessa. Wataalamu walimwita maiti wa zamani, hali wenyeji walimwona mara nyingine mwisho wa mshipi.

Habari hii haikuishia Komoro. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamemnasa katika majarife yatupwayo maji ya kina, na wengi wamepatikana pwani ya Tanga, hata mwaka 2009 ikawekwa huko hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Tena mwaka 2021 wachunguzi wa Ufaransa walitazama magamba ya silikanti kwa mwanga wa namna ya pekee, wakaona pete ndogo ambazo wenzao wa zamani hawakuziona. Ilidhaniwa kwamba samaki huyu huishi miaka 20 hivi. Sasa wasema kwamba huenda hufika karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua karibu miaka mitano. Basi jarife moja likinasa majike matatu usiku mmoja, hasara yake haitalipwa upesi. Jambo hilo halikuweza kujulikana pasipo mtu wa kukaa akihesabu pete za gamba.

Labda mtu atasema: samaki huyo haliwi, tutapata faida gani? Natuje basi kwenye mwani. Profesa Keto Mshigeni, Mtanzania aliyepata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974, alichunguza mwani wa pwani zetu na kuhimiza kwamba waweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza mashariki ya Unguja, na wanawake wengi wakaanza kushika fedha zao wenyewe. Lakini ule mwani wenye bei nzuri, uitwao kotoni, ulianza kufa katika maji mafupi, kwa kuwa maji hayo yanazidi kupata joto. Mkulima aliona kamba zake zimekatika na mwani umegeuka mweupe. Wengine walidhani wamefanyiwa husuda. Dakta Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, alishuka majini pamoja na wanawake hao. Walijaribu kuupeleka kotoni kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi, ukiwa ndani ya nyavu zilizofumwa kama mikono ya kanzu. Hapo likatokea jambo ambalo hadubini haikuonyesha: maji ya kina yataka mashua na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Twaona kwamba hili nalo ni sehemu ya elimu ya bahari, wala si sehemu ndogo.

Sasa njia yenyewe. Kijana atakaye kazi hii na ashike sana biolojia, kemia, fizikia na hesabu katika shule ya sekondari; jiografia nayo itamfaa. Hesabu tumeitaja kwa kusudi, kwa sababu wapo waikimbiao wakidhani kwamba wapendao wanyama hawaihitaji. Baada ya kidato cha sita huingia chuo kikuu, kama cha Dar es Salaam, au kile cha Pwani kilichoko Kilifi, Kenya, akasoma miaka mitatu au minne. Atakaye kuwa mtafiti kamili huongeza shahada ya pili, na mara nyingi ya tatu. Taasisi ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978, hufundisha shahada hizo. Kazi hupatikana huko vyuoni, katika taasisi za utafiti wa uvuvi za Kenya na Tanzania, na katika hifadhi za bahari. Mtu wa Kigoma asidhani kwamba ameachwa nje: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na dagaa wake wana wachunguzi wao. Tena si lazima kila mtu awe daktari. Mbegani, karibu na Bagamoyo, wapo wanaojifunza uvuvi na uendeshaji wa vyombo, na hakuna mtafiti afanyaye kitu bila mtu wa kumfikisha mahali na kumrudisha salama.

Hatupendi kumdanganya mtu. Nafasi za kazi ni chache kuliko waombaji. Utafiti mwingi huendeshwa kwa fedha za muda, za miaka miwili au mitatu. Zikiisha, mtafiti huandika maombi mengine na kungoja. Aliye na haraka ya kujenga nyumba ya mawe atafute kazi nyingine. Lakini ni nani amlipaye? Mara nyingi serikali, mara nyingine mashirika ya nchi za ng'ambo. Na sababu ni kwamba atakaye kufunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue, au kukataza wavu wa macho madogo, lazima awe na hesabu za kumwonyesha mvuvi, asije akaonekana mwonevu.

Haya yote tulimwambia baba wa yule mwanafunzi, alipokuja chuoni Jumamosi moja. Tulimwamkia, akakaa, akasikiliza hata mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimeisoma bahari miaka thelathini bila kalamu. Huyu atasoma nini nisichokijua?" Tulimjibu: "Mzee wetu, hayo unayoyajua, je, yameandikwa wapi?" Hakujibu, na sisi hatukumsukuma. Tuliomba jambo moja tu: kabla ya kukata shauri, kijana apewe daftari, na kila chombo kirudipo aandike upepo, bamvu au maji mafu, mahali palipotegwa, na samaki walioletwa, kwa majina na kwa idadi.

Mwezi ulipokwisha mtoto alituletea daftari lile. Katika ukurasa wa nne palikuwa na mstari uliokatwa kwa wino wa namna nyingine. Mtoto alikuwa ameandika changu kumi na wanne. Juu yake mkono mzito usiozoea kalamu ulikuwa umeandika kwamba changu ni kumi na wawili, na wale wawili ni tembo, watazamwe vizuri midomo. Tangu ukurasa ule, miandiko miwili imo katika daftari hata mwisho.