Vinara wa Kibati: Vya Kiwandani kwenye Pikapu Kuukuu, Iringa hadi Mbeya

Pikapu kuukuu ikiwekwa sokoni Mwanjelwa au Ipogolo, neno la kwanza la dalali ni "orijino". Bei hupandishwa kwa neno hilo. Winchi orijino, mkonga orijino, difu loki orijino, kana kwamba gari lilishushwa jana kutoka Japani likiwa na kila kitu. Mnunuzi anayepanda Kitonga na fedha za mavuno ya viazi au mbao za Mafinga anastahili kujua kipi kilifungwa kiwandani na kipi kilichomelewa gereji. Basi hawa hapa ni vinara, kila mmoja kwa sifa yake.

Ukoo mkongwe kuliko wote

Ni Landrover. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa sababu Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma. Ukoo huo ulifungwa Solihull Januari 2016, baada ya magari 2,016,933. Zile zinazoitwa "mia na tisa", kwa hesabu ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, bado zinaonekana mashambani na kwenye misheni za Nyanda za Juu.

Bodi yake ni nati na bolti tupu, kwa hiyo ndilo gari rahisi kuliko yote kubadilishwa sura. Anza na macho. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 taa kubwa zilikaa katikati, ubavuni mwa grili; baadaye zikahamia kwenye madigadi. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ilikuja na grili ya plastiki na saa za dashibodi mbele ya dereva, wakati ndugu zake wa nyuma walikuwa nazo katikati. Ukikuta uso wa Series III na saa ziko katikati, hayo ni magari mawili yaliyooana.

Landrover pia ina kumbukumbu bora kuliko pikapu nyingine zote za rika lake. Makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, yanatunza madaftari ya kiwanda, na kwa ada hutoa cheti kwa kufuata namba ya chasisi: tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza, na nchi lilikopelekwa. Ila gari lililosafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kenya huwa na maelezo machache huko. Hilo lisikuchanganye. Wakenya walifunga betri, matairi, springi na vioo vya kwao, kwa hiyo kioo chenye chapa ya Kenya kinaweza kuwa cha kiwandani kabisa. Angalia tu miaka inakubaliana. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, na gari lililounganishwa Kenya kati ya miaka hiyo linahitaji maelezo ya jinsi lilivyovuka.

Shahidi mwaminifu kuliko wote

Kwa Landcruiser, shahidi huyo ni kibati cha bati jepesi kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini. Watu huangalia namba ya chasisi wakaridhika; mali yenyewe iko kwenye mistari mingine. Chukua HZJ75RP. HZ ni injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 iliyoingia mwaka 1990. J ni ukoo wa Landcruiser, 75 ni chasisi ndefu, R ni usukani wa kulia, P ni pikapu. Palipotakiwa R pakiwa na L huku usukani uko kulia, ujue ulihamishwa. Tena herufi ya V mwishoni mwa msimbo inasema gari lilitengenezwa kwa soko la nchi za Ghuba, ambako wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Usukani uliohamishwa ndiyo kasoro nzito kuliko zote katika orodha hii, na mimi nisingelinunua gari hilo kwa barabara za Makete hata kwa nusu bei.

Mstari wa giaboksi nao unaongea. H42 ni gia nne, H55F ni gia tano. Pikapu ya zamani ya ukoo wa 40 iliyoandikwa H42 na leo inakwenda gia tano ilifungiwa giaboksi nyingine, jambo ambalo si baya, lakini si la kulipiwa kama la kiwandani. Msimbo wa rangi je? 040 ni nyeupe. Geuza kiti uangalie nyuma yake na chini ya mikeka. Rangi ya kwanza hujificha huko hata baada ya kupulizwa mara tatu. Na ribiti zenyewe zikiwa zimegeuka skrubu, uliza kwa nini kibati kilitolewa.

Kinachosingiziwa kiwanda kuliko vyote

Mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa ya injini. Umetukuzwa hadi Landcruiser yenyewe imepewa jina hilo mitaani. Tundu la kiwandani kwenye madigadi lina ukingo laini uliopakwa rangi hadi ndani, na plastiki ina namba ya spea ya Toyota, tarakimu tano, kistari, kisha tano. Tundu la gereji limekatwa kwa msumeno, lina kutu pembeni na silikoni.

Difu loki inafuata kwa karibu. Kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi hununuliwa kwa bei ndogo, hivyo lala chini ya gari. Loki ya umeme ya kiwandani ina mota yake kwenye nyumba ya difu, pamoja na waya. Pasipo mota hakuna loki.

Kinachong'olewa kuliko vyote

Hita, na hii inaniuma. Kwa magari ya nchi za joto ilikuwa kitu cha kuagiza kwa hiari, na zilizopita Dar es Salaam nyingi ziling'olewa kama mzigo. Kumbe juu ya Kitulo, mita 2,600, asubuhi za Juni na Julai kuna sakitu kwenye majani, na kioo chenye ukungu ni hatari ya kweli. Tafuta mipira miwili ya maji inayopita ukuta wa injini. Matundu mawili yaliyozibwa kwa mpira wa kiwandani maana yake hita haikuwahi kuwepo. Yaliyozibwa kwa kipande cha bati maana yake ilikuwepo ikaondoka.

Adimu kuliko vyote

Hapa ndipo nataka mnunuzi wa Nyanda za Juu atulie. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Pampu ya dizeli isiyojua hilo hutia mafuta yaleyale ya Dar kwenye hewa pungufu, ndiyo moshi mweusi unaouona mlimani. Toyota ilikuwa na pampu yenye kifaa cha kupima miinuko, kopo dogo juu ya pampu linalopunguza dizeli hewa inapokuwa nyepesi. Dalali hulipita bila kulitaja, kwa sababu haling'ai kama winchi. Usilichanganye na kopo la injini ya tabo, ambalo lina mpira unaoleta upepo wa tabo. Soma kibati cha pampu, namba inayoanza na 22100, umpe muuza spea aitafute kwenye katalogi ya gari hilo. Ikikubali, ongeza bei bila kinyongo.

Aliyekataa kustaafu

Peugeot 404. Ufaransa iliiacha katika miaka ya 1970, Kenya ikaendelea kuunganisha pikapu zake hadi 1991. Gari hili lilishinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Atakayekuuzia moja kuwa ni "ya Ufaransa" na kadi inasema 1988, mwoneshe kadi yake mwenyewe, kisha mjadili bei upya.