Si Uzee Tu: Kinga ya Mwili Inapoiumiza Retina

Mzee akilalamika kwamba haoni vizuri, jibu la kwanza nyumbani huwa ni hilo hilo: uzee huo. Hapa Birmingham tunalisikia kwa Kiswahili cha lafudhi nyingi: cha Mombasa, cha Bujumbura, cha Goma, na cha wazee wenye asili ya Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Wengi wao walifika Uingereza wakiwa vijana. Leo wana miaka 70 na 80, umri ambao ugonjwa tunaouzungumzia hupenda kubisha hodi.

Ugonjwa wenyewe ni kuzorota kwa makula. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Makula ni kisehemu chake cha katikati, ndicho kinachotuwezesha kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Makula ikizorota, ukingo wa picha hubaki, ila katikati huingia ukungu au doa. Mgonjwa anaweza kutembea sebuleni bila kugonga meza, na bado asimtambue mjukuu aliyesimama mbele yake. Hakuna ugonjwa unaoongoza kuupita huu kwa kuwapotezea watu uwezo wa kuona nchini Uingereza.

Jina lake rasmi linautaja umri, na hapo ndipo tafsiri inapoleta balaa. Ukimwambia bibi kwamba ana “ugonjwa wa uzee”, anachosikia ni kwamba hakuna la kufanya. Anashukuru, anavaa koti, anarudi nyumbani. Kumbe aina moja ya ugonjwa huu, ile ya majimaji, inaweza kuharibu uono katika wiki chache tu, na ina tiba ikiwahiwa. Kwa hiyo sisi wa chama cha Kiswahili tuna sababu ya kujua ndani ya jicho kunatokea nini, hata kama wengi wetu tuliacha biolojia sekondari.

Jicho ni mahali pa pekee kwa kinga ya mwili, na sehemu ya habari hiyo inatuhusu kwa karibu. Peter Medawar, mzaliwa wa Brazil mwenye baba wa Kilebanoni, alikuwa profesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Birmingham kuanzia 1947 hadi 1951. Mwaka 1948 alichapisha utafiti wa sungura waliopandikizwa vipande vya ngozi ya sungura wengine. Kwa kawaida mwili hukataa ngozi ya mgeni. Ndani ya chumba cha mbele cha jicho, vipande ambavyo havikuingiwa na mishipa ya damu viliachwa vikaishi. Ni kana kwamba askari wa kinga, wakifika jichoni, huvua viatu na kunong’ona. Ina maana: seli za retina zikifa hazioti tena, na vita ndani ya nyumba kama hiyo ni hasara tupu. (Medawar alipata Nobeli mwaka 1960 kwa kazi yake juu ya kinga na upandikizaji. Jina lake halitajwi sana katika ziara za wanafunzi wapya, nasi tunaona linastahili.)

Uzeeni, ule mnong’ono hugeuka kelele. Chini ya retina kuna tabaka la seli nyeusi zinazofanya kazi ya ufagio: kila siku humeza ncha zilizochakaa za seli zinazopokea mwanga. Miaka ikisonga, ufagio huchoka na taka hurundikana katika vijilima vya rangi ya manjano viitwavyo druseni. Vichache vidogo si ajabu kwa mtu mzima. Lakini watafiti walipochunguza vimeundwa na nini, walikuta humo protini za kinga, hasa za mfumo wa komplementi.

Komplementi tunaweza kuifananisha na sungusungu. Ni zaidi ya protini 30 zinazozunguka katika damu usiku na mchana, nyingi zikitengenezwa na ini. Hazingoji amri, hujibandika juu ya chochote zinachokutana nacho na kuanza kukitoboa. Kinachoziokoa seli zetu ni protini nyingine, faktori H, ambayo kazi yake ni ya mjumbe wa nyumba kumi: huwaambia sungusungu, huyu ni mwenyeji, mwacheni. Mwaka 2005 makundi manne ya watafiti nchini Marekani, kila moja kwa njia yake, yalifikia jambo moja. Watu wengi wenye ugonjwa wa makula wana badiliko la herufi moja katika jeni ya faktori H, ambapo asidi amino ya 402, tairosini, imekuwa histidini. Mjumbe wa namna hii hashikilii vizuri kuta za nyumba yake. Sungusungu wanaendelea kupiga, na wanayempiga ni mwenyeji.

Wataalamu huuita mchakato huo kwa neno la Kilatini linalotokana na kuwasha moto. Sisi mara nyingi tunasema “uvimbe”, neno linalomtia mgonjwa hofu ya saratani. Katika makala hii tunapendelea “mwako”. Mrumi Celsus aliorodhesha dalili zake nne karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ubaya wa mwako wa retina ni kwamba mgonjwa haoni wekundu wala hasikii joto au maumivu. Moto unawaka chini chini kama wa pumba, kwa miaka.

Je, jeni ndiyo ajali yenyewe? Hapa kuna jambo linalowahusu majirani zetu wa Small Heath na Sparkbrook. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima badiliko hilo katika jamii mbalimbali. Kati ya Wasomali lilipatikana katika takriban asilimia 34 ya nakala za jeni, sawa na kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Wajapani lilikuwa takriban asilimia 7 tu. Hata hivyo, tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba hatua za mwisho za ugonjwa huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kidogo kuliko weupe. Mtu asikimbilie kusema basi si ugonjwa wetu. Huko Nakuru, Kenya, uchunguzi wa watu wa miaka 50 na zaidi uliofanywa na Wanjiku Mathenge na wenzake ulikuta dalili za awali kwa kama asilimia 11, na hatua za mwisho kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Jeni huweka kuni. Kinachowasha ni mengine, na kati ya yale tunayoweza kuyaepuka, la kwanza ni sigara.

Tiba nazo hazilingani. Kwa aina ya majimaji, ambapo mishipa mipya dhaifu huota na kuvuja, kuna sindano za ndani ya jicho zinazozuia uotaji huo; ranibizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Kusikia “sindano ya jicho” kunatisha, ila ganzi hutiwa kwanza. Kwa aina kavu, Marekani iliidhinisha mwaka 2023 dawa mbili zinazoituliza komplementi. Zinapunguza kasi ya kidonda bila kurudisha uono, na mwaka 2024 Ulaya iliikataa moja yake, pegisetakoplani, kwa kuwa haikuonekana kuyabadilisha maisha ya kila siku ya wagonjwa. Tunauona uamuzi huo kuwa mkali lakini wa haki: bibi hapimi kidonda, anapima kama anasoma gazeti.

Kwa hiyo ukimtembelea mzee wikiendi hii, mwombe afunike jicho moja, kisha la pili, akitazama vigae vya bafuni au fremu ya mlango. Mistari iliyonyooka ikionekana kupinda, au katikati pakiwa na doa, mpelekeni kwa mpima macho siku hiyo hiyo. Msingoje miwani mipya. Hapa Uingereza, aliyetimiza miaka 60 hupimwa macho bure, na mwongozo wa kitaifa unataka tiba ya aina ya majimaji ianze ndani ya siku 14 tangu mgonjwa apelekwe kliniki ya makula. Mkalimani wa NHS naye halipwi na mgonjwa. Na ukiwa wewe ndiye unayetafsiri, mwambie: “Bibi, walinzi wa mwili wako wanaliumiza jicho lako. Daktari anataka kujua ni aina gani, na anataka kukuona wiki hii.”