Kumfuata Mtoto Mmoja: Filamu za Antoine Doinel na Somo la Makuzi

Katika vyuo vyetu vya ualimu, somo la makuzi ya mtoto aghalabu hufundishwa kwa majedwali. Mwanachuo hukariri kwamba mtoto wa miaka 7 yuko hivi na wa miaka 14 yuko vile, kisha hufanya mtihani na kufaulu. Anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, iwe ni mjini Musoma au katika shule ya kijiji wilayani Bunda, hakuti jedwali limeketi kwenye dawati. Hukuta watoto, na kila mmoja ana mwenendo wake. Makala haya yanaeleza njia moja ya kuziba pengo hilo, nayo ni kumfuata mtu mmoja tangu utoto hadi utu uzima, hatua kwa hatua, bila kuurukia mwisho wake. Kielelezo cha kwanza kinatoka Ufaransa. Cha pili kimo humu humu mkoani Mara.

Mwaka 1959 mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, François Truffaut, alitoa filamu iitwayo Les Quatre Cents Coups. Jina hilo ni usemi wa Kifaransa wenye maana ya kufanya utundu wa kila namna. Mhusika wake ni Antoine Doinel, mvulana wa mjini Paris, aliyeigizwa na Jean-Pierre Léaud, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Kilichofuata ni jambo la nadra katika sanaa ya sinema. Mwigizaji yule yule alirudi kumwigiza Doinel katika filamu fupi ya mwaka 1962, akarudi tena mwaka 1968, mwaka 1970 na mwaka 1979. Kwa hiyo mtazamaji huona uso mmoja ukikomaa kwa miaka 20, wala si kwa rangi za kujipaka. Truffaut mwenyewe alizaliwa mwaka 1932 na utoto wake ulikuwa wa taabu. Aliwahi kufungiwa katika kituo cha watoto watukutu. Mtu aliyemsaidia kutoka alikuwa André Bazin, mhakiki wa filamu, na filamu ile ya kwanza imetabarukiwa kwake.

Filamu ya kwanza ndiyo yenye mafunzo mengi kwa mwalimu, kwa sababu sehemu yake kubwa ni habari ya shule. Picha isiyofaa inapitishwa darasani kutoka mkono hadi mkono. Inapofika kwa Antoine ndipo mwalimu anapoiona, naye peke yake ndiye anayeadhibiwa. Siku nyingine anatoroka, na anapoulizwa sababu anajibu kwamba mama yake amefariki. Uongo huo wafichuka upesi, naye apigwa kofi mbele ya wenzake. Katika ukumbi wa chuo wanachuo hucheka hapo. Yafaa mkufunzi awaache wacheke, kisha awakumbushe kwamba wakati wa utoro ule mtoto alimwona mama yake barabarani akikumbatiana na mwanamume asiyemjua. Mwalimu wa kwenye filamu hakulijua jambo hilo. Sisi watazamaji tunalijua, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo zima.

Tukio la insha ndilo ambalo mimi ningelitumia hata kama nafasi ingekuwa ya tukio moja tu. Antoine amesoma kitabu cha Balzac kwa hiari yake, bila kuagizwa na mtu, na amempenda mwandishi huyo hata akamwashia mshumaa mbele ya picha yake, nusura nyumba iungue. Akiandika insha juu ya kifo cha babu yake, maneno ya Balzac yanamtoka kalamuni. Mwalimu anamwita mwizi wa maandishi na kumfukuza darasani. Kunakili ni kosa, hilo halina ubishi. Lakini ni watoto wangapi wa umri huo husoma Balzac kwa mapenzi yao? Mwalimu yule alikuwa amepata mlango wa kumwingia mwanafunzi wake mgumu kuliko wote, akaufunga kwa kishindo. Baada ya hapo Antoine haonekani tena shuleni. Anaiba taipureta katika ofisi ya baba yake wa kambo na kukamatwa wakati anairudisha, kisha anapelekwa kwenye kituo cha watoto wahalifu.

Huko anahojiwa na mtaalamu wa saikolojia. Kamera inamtazama mtoto peke yake. Muulizaji husikika tu, haonekani. Mengi ya majibu yalikuwa maneno ya Léaud mwenyewe, yasiyoandikwa kabla. Mwanachuo aangalie jinsi maswali yalivyo mafupi, na jinsi mtoto anavyozidi kusema kila asipokatizwa. Hatimaye Antoine anatoroka wakati wa mchezo wa mpira, anakimbia hadi pwani, anageuka kututazama, na picha inaganda hapo hapo. Hatuambiwi atakuwa nani.

Filamu zinazofuata hujibu polepole, na jibu lenyewe halina utukufu. Doinel anakuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sahani za santuri, mlinzi wa usiku hotelini, mpelelezi wa binafsi, fundi wa televisheni, mpaka rangi wa maua. Anaoa, anapata mtoto wa kiume, anaachana na mkewe, anaandika riwaya. Hakuwa mhalifu kama walivyotabiri, wala hakuwa mtu mashuhuri. Wanafunzi wetu walio wengi watakuwa watu wa namna hiyo. Katika filamu ya mwisho anakutana na mwanamume yule aliyemwona zamani na mama yake. Mzee huyo anampeleka kwenye kaburi la mama na kumsimulia habari zake kwa wema. Miaka 20 imepita ndipo mtoto, na sisi pamoja naye, tunapata sura ya pili ya mama tuliyekwisha kumhukumu.

Tuje sasa Butiama. Kambarage, aliyezaliwa Aprili 13, 1922, alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake ni Mugaya wa Nyang'ombe. Shuleni hufundishwa kama kwamba Ikulu ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye paji la uso wake. Huo ni usomaji wa maisha kinyumenyume, nao haumsaidii mwalimu hata kidogo. Afadhali tuisimamishe picha mwaka 1934. Tunaona mvulana wa miaka 12 hivi, mchunga mifugo, aliyechongwa meno kwa desturi ya kwao, anayeanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka nyumbani. Je, mwalimu aliyempokea siku hiyo angeandika nini kwenye daftari? Husimuliwa kwamba aliyetambua akili yake alikuwa Mtemi wa Ikizu, sehemu ambayo leo imo wilayani Bunda, aliyecheza naye bao na kumshauri baba yake ampeleke shule. Akili ya mtoto huyo ilionekana kwanza mchezoni, kabla ya daftari lolote. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, mwaka 1943 Makerere, akarudi kufundisha Tabora na, baada ya masomo Edinburgh, Pugu hadi mwaka 1955.

Zoezi lenyewe ni hili. Katika majuma ya mazoezi, kila mwanachuo amchague mtoto mmoja, asiyekuwa bora wala mbaya kupita kiasi, amwandike kila siku katika daftari kwa jina la kubuni. Aandike alichokiona na saa alipokiona. Amtazame pia nje ya darasa, kwenye foleni ya maji, mchezoni, njiani. Mathalani, mwanachuo aliyeko Guta, ufuoni mwa ziwa, akiona daftari la mahudhurio limejaa alama za utoro, asiridhike na neno hilo. Aziweke tarehe karibu na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi lazima waanikwe. Iwapo mtoto hukosekana wakati wa giza na kurudi mbalamwezi inapong'aa, basi jina la jambo hilo si uvivu, na dawa yake si fimbo. Ni mazungumzo na mzazi juu ya nani mwingine aweza kuanika.

Filamu yenyewe yaweza kuonyeshwa kwa kompyuta moja na projekta ya chuo, mkufunzi akifasiri mazungumzo. Isionyeshwe moja kwa moja hadi mwisho. Isimamishwe baada ya kofi, isimamishwe tena baada ya insha, na kila mara wanachuo waandike kwa dakika tano wangefanya nini kesho yake asubuhi, Antoine akija au asipokuja. Wakati wa kusahihisha madaftari ya mazoezi, mkufunzi achukue kalamu ya rangi nyingine na kupiga mstari chini ya kila neno la hukumu: mtukutu, mvivu, mwongo, hodari. Kisha amrudishie mwanachuo daftari, amwombe aandike pembeni mwa kila mstari tukio alilotegemea kusema hivyo.